Mvua inapoleta wageni: Somo la Sarpi kwa Holili na Taveta

Mvua ya Batumi hainyeshi kwa utani. Mji huo wa bandari, ulioko Georgia kwenye pwani ya mashariki ya Bahari Nyeusi, hupata takriban milimita 2,500 za mvua kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya mvua inayonyesha Mombasa au Dar es Salaam. Nyuma ya mji kuna milima, na sehemu ya milima hiyo ni hifadhi ya taifa inayoitwa Mtirala. Kwa Kigeorgia jina hilo lina maana ya anayelia. Waliotoa jina hilo walijua walichokuwa wakisema.

Septemba inapoelekea ukingoni, mvua huzidi, bahari huchafuka na waliokuja kuogelea hufunga mizigo yao. Kwa hesabu ya kawaida ya biashara, msimu umekufa. Mwenye viti vya ufukweni anavikunja, mwenye duka la aiskrimu anafunga, na dereva wa basi dogo anaanza kulalamika kwamba abiria wamekwisha.

Hapo ndipo kundi jingine la wageni linapoingia. Wanatoka Ubelgiji, Uholanzi, Uingereza, Ujerumani na kwingineko, wamevaa makoti ya mvua na mabuti, darubini zikining'inia shingoni. Hawaendi ufukweni. Wanapanda vilima hadi vijiji vya Sakhalvasho na Shuamta, wanakaa chini na kutazama mawingu. Siku nyingine hukaa tangu asubuhi hadi mchana bila kuona chochote zaidi ya ukungu na maji yanayowatiririka mikononi. Hawaondoki, kwa sababu wanajua kinachofuata.

Mvua ikikatika, hata kwa nusu saa, anga hujaa ndege. Kwanza kumi, kisha mia, kisha maelfu, wakizunguka kwenye hewa ya joto inayopanda kutoka ardhini na kuteleza kuelekea kusini. Ni tai, mwewe, kipanga na shakevale, yule ndege mnene mwenye mabawa mapana wa jamii ya tai. Tangu mwaka 2008, wataalamu na vijana wanaojitolea wamekuwa wakiwahesabu kila mwaka kutoka vilima hivyo viwili, na hesabu imekuwa ikipita ndege milioni moja kwa msimu. Zaidi ya aina 30 za ndege wanaowinda zimeonekana hapo.

Sababu ya wingi huo ni rahisi kwa yeyote anayejua maana ya kituo cha mpakani. Ndege mzito hapendi kuvuka bahari, maana juu ya maji hakuna hewa ya joto ya kumnyanyua. Upande wa pili kuna milima mirefu, na mawingu yakiifunika haipitiki. Kinachobaki ni ukanda mwembamba kati ya bahari na milima. Ndege wote waliotawanyika juu ya Urusi na nchi za jirani wanalazimika kubanana humo, kama malori yanavyobanana Tunduma au Malaba. Hali ya hewa ikiwa mbaya milimani, ukanda unazidi kuwa mwembamba, na mgeni aliyevumilia mvua ndiye anayewaona kwa karibu zaidi. Mvumilivu hula mbivu, walisema wahenga, na pale Sakhalvasho mbivu hizo zina mabawa.

Fedha iliyobaki kijijini

Kwa msomaji anayeamka alfajiri kuvusha vitunguu au mitumba, habari ya watu kukaa kwenye mvua wakitazama ndege inaweza kuonekana kama mchezo wa walioshiba. Lakini afuatilie pale fedha inapoangukia.

Wageni hao hawalali wote katika hoteli za ghorofa za Batumi. Wengi hulala vijijini, katika nyumba za familia, kwa kuwa wanataka kuwa kilimani kabla jua halijachomoza. Familia inawapikia mkate wa jibini, supu na mboga za bustanini, na kuwauzia divai iliyotengenezwa nyumbani. Kijana wa nyumba hiyo anawabeba kwa gari, na jirani anawauzia matunda na asali. Eneo hilo, ambalo enzi za Muungano wa Sovieti lilitegemea mashamba ya chai yaliyokuja kudorora baadaye, lilipata bidhaa mpya ambayo haihitaji ghala, haiozi na haitozwi ushuru: nafasi ya kuketi kilimani.

Si kwamba kila kitu ni cheupe. Katika vilima hivyo hivyo, ndege wanaowinda wamekuwa wakipigwa risasi kila msimu, wengine kwa ajili ya nyama na wengine kwa mazoea tu. Wapo pia wanaume wenye utamaduni wa zamani wa kunasa kipanga kwa kutumia chambo cha ndege mdogo aliye hai, kumfunza kuwinda kware, kisha kumwachia msimu ukiisha. Waliokuja kuhesabu ndege walielewa mapema kwamba hotuba dhidi ya bunduki hazitafika mbali. Kilichoweza kuzungumza kwa sauti ni kitanda kilichokodiwa na sahani iliyolipiwa. Uwindaji haukukoma, lakini kila familia inayopokea wageni sasa ina sababu ya kutaka ndege wapite salama.

Somo la kwanza, kwa hiyo, ni la kibiashara kabisa. Hali mbaya ya hewa haiui msimu kwa kila mtu. Inaua msimu wa yule mwenye bidhaa moja tu.

Kilomita chache hadi Sarpi

Kusini mwa Batumi, mwendo usiozidi nusu saa kwa gari barabara ikiwa nyeupe, kuna mpaka wa Sarpi kati ya Georgia na Uturuki. Historia yake inaweza kusimuliwa Namanga au Sirari na wasikilizaji wakadhani wanasimuliwa habari za kwao.

Mikataba ya mwaka 1921 ilichora mstari katikati ya kijiji. Watu wa kabila moja, Walazi, wenye lugha moja na makaburi ya pamoja, wakajikuta wengine wako Uturuki na wengine katika himaya ya Sovieti. Kwa miongo kadhaa mpaka ulifungwa kabisa. Ndugu waliishi umbali wa kutupiana jiwe, lakini hawakuweza kuzikana. Ndege walipita juu yao kila mwaka, kwenda na kurudi.

Mpaka ulifunguliwa mwaka 1988. Sovieti ilipovunjika miaka michache baadaye, maelfu ya watu walivuka wakiwa na masanduku na mabegi: vyombo, vitambaa, zana, chochote kilichoweza kuuzwa. Masoko yaliota upande wa Uturuki, kuanzia Hopa hadi Trabzon. Wengi wa wafanyabiashara hao walikuwa wanawake waliopoteza ajira, baadhi yao wakiwa wasomi wenye shahada, waliojifunza biashara kwenye foleni ya forodha.

Mwaka 2006 nchi hizo mbili ziliondoleana viza. Kuanzia mwisho wa mwaka 2011, raia wa Georgia na wa Uturuki wanavuka Sarpi kwa kitambulisho cha taifa tu, bila pasipoti. Mwaka huo huo Georgia ilizindua jengo jipya la mpakani lenye mnara mweupe unaotazama bahari.

Georgia ni nchi ndogo ya watu chini ya milioni nne. Uturuki ina zaidi ya milioni 80. Hofu ya kumezwa ilikuwepo na haikuwa ya kubuni: bidhaa za Uturuki zilijaa madukani na kasino zikaota Batumi kwa ajili ya wateja kutoka ng'ambo. Si kila kilichovuka kilikuwa baraka. Lakini mpaka ulibaki wazi, na mpenzi wa ndege anayefika Batumi leo anaweza kutazama tai asubuhi upande mmoja na kunywa chai jioni upande wa pili.

Ndege wale wale, vuli ile ile

Ndege wanaopita Batumi hawaishii Uturuki. Wengi hushuka kupitia Mashariki ya Kati. Baadhi huvuka Sinai, wengine huvuka Bab-el-Mandeb, mlango uleule wa bahari ambao mashambulizi dhidi ya meli tangu mwishoni mwa mwaka 2023 yamewapandishia gharama za usafirishaji waagizaji wengi wa mizigo. Shakevale wa nyika za Urusi hupita juu ya Kenya na Tanzania mwezi Oktoba na Novemba, wakiwa njiani kwenda hata Afrika Kusini. Mbayuwayu na keremkerem wa Ulaya huja pia. Msimu ambao Wazungu huuita vuli yao, majani yanapopukutika, ndio mwanzo wa vuli ya Afrika Mashariki, mvua zinapoanza.

Na hapa ndipo kuna jambo ambalo wafanyabiashara wengi wa Taveta na Holili hawajawahi kuambiwa. Katika Hifadhi ya Tsavo Magharibi, upande wa Kenya, kuna hoteli ya kitalii kwenye kilima cha Ngulia. Tangu mwaka 1969, kila Novemba na Desemba, wataalamu na watu wanaojitolea hukutana hapo kuwafunga ndege pete ndogo miguuni. Usiku ukiwa mweupe, ndege hupita juu kwa juu na kazi huwa kidogo. Wanachokiombea ni kile ambacho mtalii wa kawaida anakikimbia: giza lisilo na mwezi, ukungu mzito na manyunyu. Ndege wanaosafiri usiku hupotea kwenye ukungu, huvutwa na taa za hoteli na kushuka kwa maelfu. Kwa miaka yote hiyo mamia ya maelfu ya ndege wamefungwa pete hapo.

Miongoni mwao yumo ndege mdogo wa kahawia, mwimbaji wa vichakani, asiyezidi kidole gumba kwa unene. Mtafiti aliyesikiliza madume ya ndege huyo nchini Ubelgiji katika miaka ya 1970 aligundua kwamba kila mmoja aliiga kwa wastani sauti za aina 76 za ndege wengine. Kati ya hizo, 45 zilikuwa za ndege wa Afrika. Yaani anapita Ngulia, anajifunza lugha za vichaka vya Afrika Mashariki, kisha anarudi Ulaya kumwimbia mchumba. Mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh aliyerudi kutoka Istanbul akijua kuuliza bei kwa Kituruki atamwelewa vizuri.

Tsavo Magharibi inapakana na Hifadhi ya Mkomazi ya Tanzania. Ziwa Jipe, lenye ndege wengi wa majini, limegawanywa na mpaka. Ziwa Chala, ndani ya shimo la volkano, nalo limegawanywa. Mashariki yake iko milima ya Taita, yenye ndege wasiopatikana popote pengine duniani, na ng'ambo ya pili iko milima ya Upare, yenye wa kwake. Kwa mpenzi wa ndege, hiyo ni safari moja ya siku nane au kumi. Na katikati ya safari hiyo iko Taveta, na soko lake la Jumatano na Jumamosi linalolisha pande zote mbili kwa ndizi, maharage, nyanya na nguo.

Gari linapopita bila kusimama

Safari hiyo moja, hata hivyo, mpaka unaifanya kuwa safari mbili. Mgeni huyo anahitaji idhini ya kielektroniki ya Kenya na viza ya Tanzania, ambayo kwa kawaida ni dola 50, pamoja na kadi ya homa ya manjano. Viza ya pamoja ya utalii ya Afrika Mashariki ipo tangu mwaka 2014, kwa dola 100 na siku 90, lakini inafanya kazi Kenya, Uganda na Rwanda pekee. Tanzania haimo.

Kisha kuna gari. Chini ya makubaliano ya mwaka 1985 kati ya Kenya na Tanzania, gari la watalii la nchi moja haliwezi kuendelea hadi ndani ya hifadhi za nchi nyingine. Wageni hushushwa mpakani na kuhamia gari jingine lenye mwongozaji mwingine. Njia ya Bologonja, inayounganisha Serengeti na Maasai Mara, imefungwa kwa watalii tangu mwaka 1977, mwaka ambao Jumuiya ya kwanza ilivunjika na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983. Bologonja haikufunguliwa. Wazee wa Taveta na Himo wanaoikumbuka miaka ile sita wanajua bei ya mpaka uliofungwa: biashara ilihamia njia za panya, na aliyefaidika alikuwa mwenye ujasiri wa magendo.

Matokeo yake, mpenzi wa ndege anayetoka Ulaya huchagua upande mmoja. Akichagua Kenya, hufika Taita na kugeuza. Akichagua Tanzania, huishia Upare au Mkomazi. Kituo cha huduma za pamoja cha Holili na Taveta, kilichozinduliwa mwaka 2016 ili kurahisisha kuvuka, kinahudumia malori, mabasi na akina mama wenye mabeseni. Mgeni mwenye darubini haonekani pale, na fedha yake haionekani sokoni.

Wapo watakaosema kwamba Tanzania ina haki ya kuwa na hofu, kwamba viza ya pamoja na magari huru vitaziachia kampuni za Nairobi keki yote, maana ndiko ndege nyingi za abiria zinakotua. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Kampuni kubwa za utalii za Kenya zina mtaji na mtandao. Lakini ulinzi uliopo leo haumlindi mfanyabiashara mdogo wa Holili. Unamlinda mwenye magari ya kukodisha wa Arusha, wakati mgeni anayeogopa usumbufu anaachana na upande wa pili kabisa. Georgia ilikuwa na hofu kama hiyo mbele ya jirani mkubwa mara ishirini kwa watu, na bado ilichagua kitambulisho badala ya ukuta.

Wapo pia watakaosema kwamba wapenzi wa ndege ni wachache na wabahili. Ni kweli hawafiki kwa wingi wa wanaokuja kuona simba. Lakini wana sifa tatu ambazo mfanyabiashara wa mpakani anapaswa kuzithamini. Wanakuja wakati wengine hawaji. Wanakaa siku nyingi mahali pamoja. Na hawahitaji hoteli ya nyota tano, wanahitaji kitanda kikavu, uji wa moto saa kumi na moja alfajiri na mtu anayejua kichaka.

Novemba sokoni Taveta ni mwezi mgumu. Mvua inanyesha, njia za vijijini zinateleza, nyanya zinaoza kwenye matenga na wateja wanarudi mapema. Hakuna anayedai kwamba watazama ndege wataziba pengo hilo lote. Lakini anayelala Taveta siku tatu anakula, ananunua ndizi, anakodi bodaboda, anahitaji koti la mvua na mabuti aliyoyasahau kwao, na anamlipa kijana wa kumwonyesha njia ya Ziwa Jipe. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

Serikali zina kazi yao. Tanzania ijiunge na viza ya pamoja, hata kama itaanza kwa majaribio ya mipaka miwili au mitatu. Makubaliano ya mwaka 1985 yatazamwe upya, angalau kwa wageni wachache wanaosafiri na mwongozaji mmoja mwenye leseni inayotambuliwa pande zote. Na kama Kenya, Uganda na Rwanda ziliweza mwaka 2014 kuwaruhusu raia wao kuvuka kwa kitambulisho, hakuna sababu ya mama wa Holili kuhesabiwa kama mgeni kila anapokwenda kuuza maharage upande wa pili wa barabara.

Vyama vya wafanyabiashara wa mpakani navyo vina kazi ambayo haisubiri mkutano wa mawaziri. Vimeshajifunza kutumia utaratibu wa biashara rahisi, unaoruhusu bidhaa za Jumuiya zenye thamani isiyozidi dola 2,000 kupita kwa cheti kifupi cha asili. Vinaweza kujifunza na hili: kuziorodhesha nyumba zenye vyumba safi Taveta na Holili, kuwapeleka vijana watano wakafunzwe majina ya ndege, na kuziuliza hoteli za Tsavo mboga zao hununuliwa wapi. Familia za Sakhalvasho hazikuanza na mtaji mkubwa. Zilianza na chumba cha ziada na sufuria.

Novemba ijayo ukungu utashuka tena Ngulia, na wataalamu watakesha na taa zao wakiwasubiri ndege waliokwisha kuvuka mipaka ya nchi kadhaa bila kugongewa muhuri. Baadhi ya wageni hao watakuwa saa chache tu kutoka Taveta, wamechoka, wamelowa na wanatamani chai. Kama viza yao ingewaruhusu kuvuka Holili asubuhi, wangevuka. Kwa sasa watageuza gari kurudi Mombasa, na Jumatano itafika sokoni bila wao.